Benki Imemzika Mke Wangu, Naye Yuko Chumbani Anapiga Pasi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na kabla sijaanza naomba usicheke, kwa sababu mtu pekee niliyemweleza jambo hili alicheka mpaka akakaa chini, na alipomaliza kucheka akanipa ushauri ambao ndio unaoninyima usingizi.

Mimi ni fundi wa friji. Nina karakana ndogo ninayochangia kodi na mwenzangu, nina mke na watoto wawili, na mke wangu ni mzima wa afya kabisa, hivi ninavyoandika yuko chumba cha pili anapiga pasi sare za watoto huku anaimba. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwa mujibu wa benki mke wangu ni marehemu, na aliyethibitisha kifo chake ni mimi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetoka kung'olewa gego, hili la nyuma kabisa, nimekaa sebuleni mdomo umejaa pamba na shavu limekufa ganzi, na pale kliniki walikuwa wameniambia watanipigia kunijulia hali, sasa simu ikaita, namba siijui, nikapokea, dada mwenye sauti nzuri ya upole akasema anapiga kutoka kitengo cha huduma kwa wateja, nami nikajua ni wao.

Akasema, "Kabla ya yote kaka, pole sana kwa yaliyokukuta."

Nikasema, "Asante dada, nimeshapoa." Si ndivyo tunavyojibu?

"Ilikuwa ghafla?"

"Hapana, nimeteseka nalo miaka miwili."

"Masikini. Na hospitali walishindwa?"

"Walijaribu mara mbili, mwisho wakasema hakuna namna, nikubali tu. Nikakubali. Sasa angalau ninalala."

Akaguna kwa huruma. Elewa mshauri kwamba kwa ile pamba na ile ganzi nilikuwa naongea kama mtu anayelia, na hata machozi yalikuwa yananitoka kweli. Kisha akasema, "Najua ameacha pengo kubwa." Naapa mimi nilisikia *limeacha*. Nikamwambia ni kubwa sana, lakini daktari amesema baada ya miezi mitatu naweza kuweka jingine.

Halafu nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Haya, wanaume nyie mna haraka." Hapo ndipo alipokohoa kidogo, akarudi kwenye sauti ya ofisi, akasema, "Sasa kaka, tuzungumzie ile kadi ya mkopo ya marehemu mkeo."

Mshauri, nilikaa wima. Na saa hiyo hiyo mke wangu akaniita kutoka chumbani, "Baba watoto, nani huyo? Wa kliniki?" Nikamjibu ndiyo. Sijui kwa nini. Yule dada wa benki naye akawa anaendelea kueleza, kwamba walipiga simu kazini kwa mke wangu, duka la miwani, wakaambiwa "huyo hatunaye tena", wakasikitika sana, wakanitafuta mimi kwa kuwa kwenye fomu ndimi ndugu wa karibu niliyeandikwa. Sasa mke wangu alihamishiwa tawi la pili la duka hilo hilo, ndiyo maana hawanaye tena, msichana wa mapokezi alisema kweli tupu, ila ukisema hatunaye tena kwa simu, anayekusikia atafikiria nini zaidi ya sanda? Akaendelea kwamba deni lina bima, mwenye kadi akifariki bima inalipa lote, familia haidaiwi hata senti, kinachotakiwa ni cheti cha kifo tu, na kwa sasa wamesimamisha simu zote kwenye namba ya marehemu ili kutuondolea usumbufu wakati wa majonzi. Nikamwuliza ni kiasi gani. Akanitajia. Mshauri, kwa hela hiyo mtu ananunua pikipiki mpya na ya kuwekea mafuta inabaki. Nilichopaswa kusema ni kwamba mke wangu mzima, yule pale, msikie mwenyewe. Nilichosema ni, "Sawa, dada."

Sikujua kama ana kadi. Nilichojua ni kwamba kwa miezi mingi alikuwa amebadilika, simu ameilaza kifudifudi, ikiita anatoka nayo uani, akirudi anasema mtandao mbaya, amekonda mpaka pete inamvuka, usiku yuko macho anatazama dari, na mimi, nisamehe kwa kusema, nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba kuna mwanaume. Hata sura nilishampa. Kwa hiyo nilipojua kumbe aliyekuwa anampigia ni benki, nitakuambia ukweli, kabla sijaogopa nilifurahi.

Na hajatumia kwa anasa, hilo naweza kumtetea mbele ya yeyote. Nimejaribu kukumbuka vitu vilivyoingia nyumbani kwetu, ni vichache na vyote najua kazi yake. Karakana ilipovunjwa wakaiba geji zangu za kupimia gesi na pampu, ni yeye aliyeninunulia nyingine, akasema amepata zamu yake kwenye kikundi chao cha kuwekeana akiba. Ada ya mkubwa ilipokwama, zamu ya kikundi. Kitanda cha ghorofa cha watoto, zamu ya kikundi. Hata hilo gego lilipozibwa mara ya kwanza ilikuwa zamu ya kikundi. Mke wangu ana bahati na hicho kikundi, nilikuwa nawaambia watu.

Sasa shida yenyewe ni hii. Tangu benki imwue, mke wangu amefufuka. Simu hazipigwi tena, naye hajui kwa nini, nadhani anaamini wamemsahau au Mungu amesikia. Ameanza kula. Analala. Anaimba bafuni, anaimba akipiga pasi, juzi alinitania kuhusu hili pengo mpaka akashika mbavu, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu huwa anacheka hivyo. Nitaanzia wapi kumwambia kwamba amani yote hiyo ni kwa sababu ameandikwa marehemu?

Mwenzangu wa karakana, tunamwita Mzee wa Njia kwa sababu hakosi njia, baada ya kucheka aliniambia, "Cheti ni karatasi, bwana. Mimi namjua kijana anachapa. Peleka, deni life, baada ya mwaka mkiulizwa mnasema kulikuwa na makosa ya jina." Nikamwambia huo si ni uhalifu? Akasema, "Benki ndiyo iliyomwua, siyo wewe. Wewe unamzika tu."

Mshauri, nimefikiria. Sitakudanganya, nimefikiria sana, mpaka nimemwuliza bei. Na muda hakuna, yule dada amepiga tena, anasema Ijumaa ya wiki ijayo afisa wao atapita nyumbani kutoa pole kwa niaba ya ofisi na kuchukua nakala ya cheti. Mke wangu Ijumaa huwa hayuko kazini. Ndiye atakayefungua mlango. Naomba unijibu upesi, je, ninunue hicho cheti tupumzike mara moja, na kama nisinunue, nitamwambiaje bila kumrudisha kule alikokuwa?

Wako,
Mume wa Marehemu Aliye Hai

JIBU LA MSHAURI

Mume wa marehemu, marahaba. Uliniomba nisicheke na nimeshindwa. Nimecheka kwenye lile jingine la baada ya miezi mitatu, nikacheka tena kwa ajili ya yule dada wa watu, ambaye mpaka leo anawasimulia wenzake ofisini kuhusu mgane aliyepangiwa ndoa na daktari. Basi, nimemaliza. Sasa kaa vizuri, kwa sababu hutapenda yanayofuata.

Hicho cheti usikinunue. Usimwulize tena bei huyo kijana, wala Mzee wa Njia usimpe nafasi ya kukukumbusha. Leo mna deni. Deni ni shida, lakini ni shida ya watu waaminifu, benki zimejaa watu wa namna hiyo, na kwao kuna meza, kuna kiti, kuna mtu wa kuzungumza naye. Ukipeleka cheti cha kughushi ukachukua hela ya bima, meza inaondolewa na anayekuja ni polisi, na hatakuja kwa Mzee wa Njia. Atakuja kwako uliyesaini, na kwa mkeo ambaye deni ni lake na hakuna hakimu atakayeamini kwamba alizikwa bila habari. Watoto wenu watalelewa na nani, kitanda cha ghorofa?

Tena kuna jambo ambalo wewe na mwenzako hamkulifikiria. Mshahara wa mkeo unapitia benki gani? Kama ni hiyo hiyo, na mara nyingi ndivyo kadi hizi zinavyopatikana, ujue marehemu hapokei mshahara. Akaunti itafungwa kusubiri warithi. Mwisho wa mwezi atakwenda kutoa hela, mashine itamkatalia mbele ya foleni, ataingia ndani kuuliza, na karani atamwangalia usoni amwambie. Ndivyo unavyotaka ajue?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakumaanisha mkaweke matanga ya kweli. Kazi yako wiki hii ni moja tu, kuyaanua.

Ila kabla hatujafika benki, nina neno na wewe mwenyewe. Nimesoma barua yako mara mbili, na kuna mahali nilisimama. Umeandika zamu ya kikundi, zamu ya kikundi, zamu ya kikundi. Fundi, wewe ni mtu wa mashine, friji ikitoa baridi bila umeme si ungeifungua uangalie? Kikundi gani hicho ambacho zamu inarudi kwa mtu yule yule kila nyumba inapokwama? Wenzake wao walikuwa wanapata lini? Ulikuwa na maswali, ila majibu uliyaogopa, kwa sababu geji zilikuwa mezani na zilikuwa nzuri. Simlaumu mkeo peke yake kwa kuficha. Kuficha kunahitaji na mtu wa kutouliza, na nyumba yenu ilikuwa na wote wawili.

Halafu angalia mwenendo wako. Ulipodhani ana mwanaume, ukanyamaza. Ulipojua ni deni, ukanyamaza. Amefariki, na bado umenyamaza. Ndugu yangu, kama kuna mtu humo ndani anayestahili kuandikiwa cheti, ni wewe.

Pole. Najua nakugonga penye kidonda. Najua pia kwamba hujanyamaza kwa ubaya, umenyamaza kwa sababu umemsikia akiimba na umempenda tena. Hilo nimelisoma na limenigusa. Lakini ujue anachoimbia. Anaimba kama mtoto aliyejificha chini ya kitanda na akaona miguu ya wanaomtafuta imepita. Hajapata amani. Kila simu ikiita bado anaigeukia kwanza aone ni nani, ni vile tu hujamtazama.

Mwambie leo. Usingoje kesho, na usingoje watoto wawe wamelala ndipo uanze kunong'ona kama mwizi, wapeleke kwa jirani mchana kweupe. Usianze na deni. Ukianza na deni atasikia kesi na atajitetea, na akijitetea wewe utakasirika, nakujua. Anza na jino. Msimulie ile simu kama ulivyonisimulia mimi, neno kwa neno, mpaka kwenye lile pengo. Atacheka, kisha ataelewa, na uso wake utabadilika mbele yako. Hapo usikimbilie kusema. Mwambie tu umeshajua kiasi, na kwamba hela hiyo uliila na wewe, gego lako limo humo. Usimwulize, "Kwa nini hukuniambia?" Hilo atakuambia mwenyewe siku akiweza. Na ile habari ya mwanaume mwenye sura, kaa nayo. Ungamo jingine halimponyi anayeambiwa, linamtua tu mzigo anayeungama.

Mkishalia, chukueni simu, mpigieni yule dada, na azungumze mkeo. Ndiyo, mkeo. Mwambieni kulikuwa na kutoelewana, mwenye kadi yu hai, kazini walimaanisha amehama tawi, na wewe ulidhani unaongea na kliniki ya meno. Ataaibika kuliko ninyi. Mwombeni radhi kwa ile "sawa, dada" yako, maana hiyo ilikuwa uongo, mfupi lakini uongo. Msiongeze maelezo. Mtu mwenye aibu huongea sana, na kwa wadai kila neno la ziada linakuwa ahadi.

Kisha muulizeni yeye ni wa benki yenyewe au wa kampuni iliyopewa kazi ya kudai, kwa sababu wanajiita huduma kwa wateja wote. Mtakeni jina na namba ya ofisi, mkapige simu benki mhakikishe. Ombeni maandishi yanayoonyesha deni la asili ni ngapi, riba ngapi, na faini ngapi. Hamtaamini faini. Mkiona, ombeni ziondolewe au zipunguzwe, na riba isimame mtakapokuwa mnalipa. Hawalazimiki kukubali, lakini kazi yao ni kurudisha hela, na mtu aliyefufuka kwa hiari yake akaja kulipa hawamwoni kila siku.

Watawauliza mtaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi. Hapa ndipo watu wanapojinyonga. Kwa hofu na kwa heshima mnataja kiasi kikubwa, mnalipa mara mbili, ya tatu mnashindwa, mnaanza tena kulaza simu kifudifudi. Usihesabu kwa mwezi wa joto friji zinapoharibika kila nyumba. Hesabu kwa mwezi wa baridi umekaa karakanani unapiga soga na Mzee wa Njia. Kile mnachoweza kutoa mwezi huo ndicho mkitaje, na wakisema ni kidogo, kirudieni kwa sauti ile ile. Wakikubali, waandike. Maneno ya simu hayana sahihi.

Hela iende kwenye akaunti ya deni peke yake. Isiende kwenye namba ya simu ya mtu, wala mkononi mwa afisa yeyote hata akija na tai na kitambulisho shingoni. Stakabadhi zote mzitunze. Na mtu akipiga akawatukana, akatishia kumwambia bosi wa mkeo au majirani, mwandikieni benki siku hiyo hiyo, mtaje saa na namba. Kudai ni haki yao. Kuwavua nguo hadharani si haki yao, na wao wanajua. Kadi yenyewe irudisheni, ifungwe. Geji zako usiuze, mtu hauzi jembe msimu wa kulima, ila kuanzia sasa kila mwezi wa joto ukifika weka hela pembeni.

Na hapo kazini mkeo apite kwa yule msichana wa mapokezi, amwombe kwa upole kwamba siku nyingine aseme "amehama".

Umeniuliza utamwambiaje bila kumrudisha kule alikokuwa. Jibu ni kwamba atarudi. Ataacha kuimba, labda wiki, labda zaidi, na nyumba itakuwa kimya na utajiona mkosaji kwa kusema kweli. Vumilia, usimnunulie kitu cha kumbembeleza. Lakini kule alikokuwa alikuwa anatazama dari peke yake usiku kucha, na wewe ubavuni kwake unamchorea mwanaume sura. Safari hii mkikosa usingizi, mkose wote, mzungumze.

Ziara ya Ijumaa usiifute. Mkeo afungue mlango mwenyewe, amwambie huyo afisa, "Mimi ndiye unayemtafuta, karibu." Wewe usisimame nyuma ya pazia ukisikiliza. Leta viti vitatu, na chako kiweke upande wake.